Harusi ya Sinema, Longonot

Kambi ya Sinema, Longonot
4 Septemba 1955

Mpenzi Chepkemboi,

Nakuandikia nikiwa nimekalia debe, vumbi la Longonot limejaa masikioni, na moyo uko huko kwenye baridi ya Molo. Kama watoto wa darasa lako wanakusumbua leo, wape bahasha hii wabandue stempu. Watatulia.

Ile kazi nimeipata. Sipakii tena viazi kwenye lori. Sasa mimi ni mkalimani wa Bwana Lyle Brannock, Mwamerika wa Hollywood, ambaye anatengeneza sinema hapa karibu na mlima. Akisema Kiingereza, nawageuzia watu kwa Kiswahili na kwa Kipsigis. Wakimjibu, namgeuzia yeye. Siku nzima nabeba maneno ya watu, na jioni ya kwangu mwenyewe yamekwisha, ndiyo maana nimechelewa kukuandikia.

Sikia habari za huyu mtu. Alizaliwa kwa wachunga kondoo, kama sisi. Ujanani alilipwa kuanguka kutoka juu ya farasi. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: farasi anakimbia, yeye anaanguka, wenzake wanapiga picha. Siku hizo sinema zilikuwa bubu, midomo inacheza na husikii kitu. Siku moja mwigizaji mkubwa akaja amelewa, wakamvisha Brannock koti lake, na toka hapo hakuanguka tena isipokuwa awe anakufa. Amekufa vitani, amekufa baharini, amekufa kwa mapenzi, na kila Jumatatu alikuwa kazini. Thuo, mpishi wetu, aliposikia hayo aliuliza kama mzee huyu ana mkataba na Mungu.

Nywele zilipoanza kumtoka akahamia nyuma ya kamera, akawa yeye ndiye anayewaambia wengine waangukie wapi. Ndipo heshima zikaja. Ana sanamu mbili za dhahabu alizopewa na wakubwa wa sinema. Mji mmoja ulimpa ufunguo mkubwa kama mwiko, na nilipouliza unafungua nini, alisema haufungui kitu. Chuo kikuu kimekwisha kumvika kofia ya udaktari, na shule hakumaliza. Sasa anatafuta sanamu ya tatu, kwa sababu wakubwa wale wameanza kusema mzee amekwisha.

Kazi itaisha kabla ya Desemba. Mwambie baba yako sijasahau siku yetu. Nikilala nakuhesabu wewe mwenyewe, siyo siku.

Wako,
Kiprugut


Shule ya Misheni, Molo
14 Septemba 1955

Kiprugut,

Barua imefika na stempu imebanduliwa kama ulivyoagiza. Wamepigana. Usinifundishe tena kazi ya ualimu.

Nilimsomea baba habari za bwana wako. Nilipofika kwenye ufunguo alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza, "Na huyo mzee ana bibi?" Umetuambia jinsi alivyokufa mara nyingi, hukutuambia ameoa mara ngapi. Watu wa hapa wanataka kujua.

Viazi ni vingi mwaka huu, na njia ni matope mpaka lori la Nicodemus linavutwa na ng'ombe. Mama ameshaanza kutayarisha vibuyu vya maziwa. Baba anasema kanisani tutakwenda na mchungaji atatubariki, hana ugomvi na hilo, lakini kwanza mimi na wewe tufungane nyasi za segutiet mikononi mbele ya wazee, kama yeye na mama walivyofungana. "Cheti cha kanisa panya anaweza kukila," anasema. "Lakini mkono uliofungwa segutiet umefungwa, hakuna dawa." Mimi nataka vyote viwili. Nataka cheti, nataka na nyasi, na nikiweza kupata kitu cha tatu cha kukufunga nitakiongeza.

Nakupenda. Nimeandika neno hilo huku nimefunika karatasi kwa mkono, kwa sababu mama anapitapita hapa akijifanya anatafuta ungo.

Wako,
Chepkemboi


Kambi ya Sinema, Longonot
2 Oktoba 1955

Mpenzi Chepkemboi,

Mwambie baba jibu ni hili: Bwana Brannock ameoa mara kumi na saba ndani ya sinema na mara nne nje, na sasa hana hata mmoja. Nilimuuliza ndoa zipi zilikuwa ngumu. Alisema zile za sinema zilikuwa rahisi zaidi, kwa kuwa kulikuwa na mtu amemwandikia maneno ya kusema.

Wiki hii kazi ilikuwa kubwa. Bwana alitaka sherehe ya kwetu katika sinema yake, tena alitaka kila kitu kiwe cha kweli. Aliniuliza mengi, nami nilimweleza. Kijana mmoja akakosekana, nikasimama mimi mbele ya kamera kwa muda kidogo. Ni jambo dogo, usilijali. Bwana alisema katika miaka yake yote hajapiga picha ya uso kama ule wangu wa siku ile. Usiwaambie watu, watasema nimekuwa na kichwa kikubwa.

Usiku kuna baridi hapa pia, ingawa si kama ya kwenu. Niandikie upesi. Niandikie hata mistari miwili.

Wako daima,
Kiprugut


Molo
11 Oktoba 1955

Kiprugut,

Umeomba mistari miwili. Wa kwanza: Nicodemus alikuwa hapo kambini ameleta viazi siku ya sherehe yenu. Wa pili: anasema ulifungwa segutiet na msichana anayeitwa Chepkurui, baba yake ameketi anatazama, na mama yake mzazi akawapaka siagi.

Sikumwacha Nicodemus amalize. Nilimfungia mlango akiwa bado na kofia mkononi.

Jambo dogo! Kama ungeniambia umevunjika mguu ningesema ni jambo dogo. Ulikuwa na kalamu, ulikuwa na karatasi, ukaniandikia habari za uso wako. Baba amewaambia wapika pombe wasubiri. Mama ameviinamisha vibuyu.

Mimi sijui sasa nikuite nani, mchumba wangu au mume wa mtu. Usije mpaka nijue.

Chepkemboi


Kambi ya Sinema, Longonot
16 Oktoba 1955

Kwa Bibi Chepkemboi,

Maneno haya ni yangu mimi Lyle Brannock. Mkono ni wa Kiprugut, kwa sababu sijui lugha yenu. Nimemwapisha asiongeze neno.

(Nimeapa, lakini nitaongeza. K.)

Kosa ni langu. Kwetu Hollywood keki ya harusi ni ya mbao, pete ni ya bati, na mchungaji ni mwigizaji ambaye kesho atakuwa jambazi. Nimeoa namna hiyo mara nyingi, kisha nikaenda kula chakula cha mchana. Nimezeeka na nimechoka na mbao. Nilitaka safari hii watu waone harusi yenyewe. Kila kitu nilimuuliza Kiprugut, naye akanieleza.

(Nilimweleza kwa majivuno. Nilitaka aone kwamba na sisi tuna heshima zetu.)

Kuna mzee anayechunga ng'ombe wa mzungu mmoja huko Kamere, kando ya ziwa. Nilimwajiri aigize baba wa msichana, kwa kuwa msichana ni binti yake kweli. Nyasi alikwenda kuzitafuta mwenyewe. Mimi nilikaa kwenye kiti cha baba wa kijana, maana katika sinema mimi ni mfanyabiashara mzee aliyemlea. Kijana niliyemwajiri kuwa bwana harusi alipoziona zile nyasi aliuliza ni nyasi gani, akaambiwa, akavua shuka akakimbia mpaka reli. Nilicheka. Jua lilikuwa linashuka. Nikamwomba Kiprugut asimame dakika chache tu.

(Ningeweza kukataa. Sikulazimishwa. Nilipenda kuonekana.)

Sasa yule mzee anasema binti yake ameolewa, mume aje amchukue. Nilimwambia ile ni sinema. Akanijibu, "Sinema ni mashine yako. Mimi si mashine. Mimi nilikuwa pale."

Bibi, mimi nimetunukiwa mara mbili na wakuu wa kazi yangu, na kuna mahali duniani ambapo neno langu linasikilizwa. Naliweka neno hilo mbele yako: kijana huyu hakuoa. Msamehe.

Lyle Brannock

(Chepkemboi, ameondoka mezani. Sikukuambia kwa sababu niliogopa kuuona uso wako ukibadilika, hata kwenye karatasi. Nakupenda na nina aibu. K.)


Molo
23 Oktoba 1955

Kwa Mzee Brannock,

Kwa umri wewe ni sawa na baba yangu, kwa hiyo kwanza nakusalimu kwa heshima. Najua ni Kiprugut atakayekusomea. Asiruke mstari.

Nimesoma juu ya heshima zako. Hapa Molo sanamu hizo hatuzijui, lakini mtu aliyeanza kwa kuanguka kutoka juu ya farasi akafika hapo ulipofika amefanya kazi, na sidharau kazi. Ila katika barua yako yote umeandika "msichana" na "binti". Jina lake ni Chepkurui. Umeniomba nimsamehe Kiprugut. Yeye Chepkurui nani amemuuliza anataka nini? Naye pia ana mkono, na mkono huo ulifungwa.

Wazee wa pande zote mbili wamekubali kukutana kwetu mwanzo wa mwezi ujao. Baba wa Chepkurui atakuja na binti yake. Wazee wa ukoo wa Kiprugut watakuja. Njoo na wewe, kwa maana ulikalia kiti cha baba. Kiprugut abaki huko huko. Mwenye kesi hatafsiri kesi yake mwenyewe. Mwalimu wetu mkuu atageuza maneno.

Ukiwa njiani fikiria swali hili la baba yangu. Sinema hutengenezwa ili ionyeshwe. Siku wakiionyesha Nairobi, Kiprugut atamwoa Chepkurui. Wakiionyesha kwenu, atamwoa tena. Mimi nitakuwa nimezaa, nina wajukuu, na wao bado watakuwa vijana mahali fulani wanafungana nyasi. Mke gani atavumilia hayo? Mimi siwezi. Nakwambia wazi.

Vaa koti zito. Hapa mvua haina adabu.

Chepkemboi

Kiprugut, unayesoma: nimeyaona mabano yako.


Kambi ya Sinema, Longonot
20 Novemba 1955

Mpenzi Chepkemboi,

Nakuita hivyo mpaka unikataze.

Bwana alirudi kutoka kwenu amelowa, gari ni tope tupu mpaka juu ya paa. Siku ya pili aliniita akanieleza, nami nakuandikia alivyoniambia, ili kama amenificha kitu unijulishe.

Anasema wazee walimuuliza swali moja tu: alipokalia kile kiti cha baba, alikuwa anadanganya? Anasema maisha yake yote amelipwa kwa kudanganya vizuri, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kuulizwa; akainua kikombe kilichokwisha akakinywa. Baba yako akamwongezea chai. Kisha wakatoa uamuzi. Utepe wote wa picha za ile harusi urudishwe kutoka Uingereza, huko unakosafishwa, usibaki hata kipande cha kuonyesha watu. Ukabidhiwe wewe. Utautazama kwa macho yako mwenyewe, halafu utasema. Ukisema umeridhika, zile nyasi zilikuwa mchezo, na kila mtu aende kwake. Ukisema hukuridhika, nyasi ni nyasi, na mimi nitakwenda Kamere kumchukua Chepkurui awe mke wangu.

Makebe ya utepe yamefika jana kwa ndege. Bwana aliyaweka magotini muda mrefu. Aliniambia hicho ndicho kipande bora alichopiga tangu aanze kazi, na bila hicho sanamu ya tatu asahau. Wenzake wamemwambia ni mwendawazimu kukitoa kwa ajili ya wachunga ng'ombe. Chepkemboi, nilimwonea huruma. Nikamwambia bado hajachelewa, anaweza kubadili mawazo. Akasema, "Kijana, nina sanamu mbili nyumbani. Hakuna hata moja iliyowahi kuniuliza nimelalaje." Halafu alilia, nami nikaenda kumwangalia Thuo anavyomenya karoti.

Sinema ataimaliza bila harusi. Watu wataona kijana anaondoka, kisha wataona amerudi na mke, basi.

Nicodemus atakuletea makebe haya pamoja na barua. Mpokee, usimfungie mlango. Mimi utepe sijauona. Sijui nimetoka vipi ndani yake, na naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu. Ukisema hapana, nitakwenda Kamere na sitamtesa Chepkurui, kwa kuwa yeye hana kosa. Lakini nitakuwa mtu nusu. Najua siyo haki kukuambia hivyo wakati uamuzi uko mikononi mwako. Nimekuambia kwa sababu mara ile nilinyamaza, na unaona kunyamaza kulivyotufikisha.

Kiprugut


Molo
29 Novemba 1955

Kiprugut,

Nicodemus amefika. Nilimpokea, nikampa chai, akaangalia mlango kwanza kabla ya kuketi.

Nianze na Chepkurui, kwa sababu nyinyi wanaume wote mmeandika juu ya nyasi na siyo juu yake. Siku ya kikao tulikaa wawili nyuma ya ghala la viazi wazee walipokuwa wanazungumza. Nilitaka kumchukia. Nilikuwa nimejitayarisha kabisa. Akanishika mkono akasema, "Dada, mimi huyo mtu wako sitaki. Mikono yake ilikuwa baridi kama samaki, na alikuwa anatetemeka mpaka fundo likamshinda, nikamsaidia." Tulicheka mpaka mama yake akaja kutuangalia. Baada ya hapo alilia, nikalia na mimi. Alisema wazee wakiamua aje kwako atakwenda tu, maana nani atamsikiliza. Jambo hilo limekaa rohoni mwangu. Ukiwa mume wangu utanikumbusha kwamba binti zetu waulizwe.

Sasa utepe. Nilikwenda nao dirishani peke yangu, nikaushika kwenye mwanga, na mwalimu mkuu akaniazima kioo chake cha kukuzia herufi. Kiprugut, nilidhani nitaona kitu kimoja. Kumbe ni picha ndogo ndogo, mamia kwa mamia, na katika kila moja upo wewe na yupo yeye, na nyasi ziko katikati yenu. Katika chache za mwanzo nilitamani kuutupa motoni. Niliendelea kwa sababu baba aliagiza nitazame wote.

Chepkurui anatazama nyasi. Mama yake anatazama siagi. Baba yake anatazama kamera, anajipenda huyo mzee. Bwana Brannock kwenye kiti chake anakutazama wewe. Na wewe humtazami Chepkurui. Nilivuta utepe mbele, nikasema labda hapa, labda hapa. Hata mara moja. Shingo yako imegeuka, macho yako yamepita juu ya kichwa chake, yanatazama mbali, na uso wako una kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mtu ila kwako, siku ile uliponisindikiza mpaka mtoni ukashindwa kusema kwaheri. Sasa naelewa kwa nini Mzee Brannock alisema hajawahi kupiga picha ya uso kama ule.

Nikamwita Nicodemus ndani. Nikamwonyesha mlima ulivyo upande mmoja wa picha, nikamuuliza Kiprugut hapa anatazama wapi. Akasema, "Huku ni upande wa ziwa. Nyuma ya ziwa ni milima ya Mau, na nyuma ya Mau ni hapa kwenu. Yule mzungu alipiga kelele, akamwambia amtazame bibi harusi. Akitazama kidogo, shingo inarudi huko huko. Mwisho mzungu akasema basi, mwacheni hivyo." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia haya mwezi wa kumi. Akasema, "Mwalimu, ulinifungia mlango."

Basi nilimfungia. Nisamehe kwa hilo, na mimi nimekusamehe yako.

Jana jioni baba aliniuliza mbele ya wazee kama nimeridhika. Nilisema nimeridhika. Aliniuliza mara ya pili, kama desturi inavyotaka, nikasema kwa sauti mpaka mbwa wakabweka. Wapika pombe wameambiwa waendelee. Mwambie Mzee Brannock kwamba baba anataka aje aketi na wageni, kwenye kiti chake mwenyewe safari hii, na asilete mashine.

Njoo Jumamosi. Na siku utakaponifunga mimi, usitazame milima. Nitakuwa mbele yako.

Wako,
Chepkemboi